Mkwe, Mama Mkwe na Gari la Viti Viwili

Esdras Nzabonimpa alikuwa fundi wa kuchomea vyuma pale Bihambwe. Kazi iliyomlisha ilikuwa milango, madirisha na bidoni za maziwa zilizotoboka, ambazo wafugaji wa milima ile walimletea kila asubuhi. Lakini kilichomfanya aamke akitabasamu kilikuwa kitu kingine. Nyuma ya karakana yake, chini ya turubai la buluu, kulikuwa na gari la mbio: dogo, jepesi, la viti viwili, lisilo na paa wala milango, alilolijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Gari hilo lilimjia likiwa ndani ya masanduku. Tajiri mmoja wa Rubaya, Papa Kabera, ambaye madini ya koltani yalikuwa yamemfungulia dunia, aliliona kwenye simu akalipenda, akaliagiza kutoka ng'ambo bila kujua kwamba magari ya namna hiyo huuzwa vipande vipande ili mwenye kununua ajiunganishie nyumbani. Masanduku yalipofika mwisho wa barabara, wapagazi waliyapandisha mlima kwa migongo yao kama walivyozoea kushusha magunia ya madini. Papa Kabera akayafungua mbele ya majirani. Ndani akakuta mabomba ya chuma yaliyochomewa pamoja mfano wa kitanda, mabati ya alumini, usukani mdogo kama sahani, na mifuko ya skrubu. Injini haikuwemo kabisa. Majirani walicheka, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa, yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

Siku zile Esdras alikuwa akimtengenezea geti. Papa Kabera akamwambia achukue masanduku yote yawe malipo ya geti, na Esdras akakubali haraka, kwani chuma kizuri kilikuwa adimu. Nia yake ilikuwa kukata yale mabomba yawe madirisha. Alipoyafikisha nyumbani akaona ayapime kwanza. Akaiweka ile fremu ya mabomba chini, akaingia ndani yake, akakaa juu ya majani na usukani mkononi. Mkewe, Noëlla, alipokuja kumwita aende kula, alimkuta bado amekaa pale pale. Msumeno haukuwahi kuigusa ile fremu.

Ilimchukua miaka. Panya walikula karatasi za michoro kabla hajafika katikati, kwa hiyo mengine aliyafikiri mwenyewe. Injini aliitoa kwenye teksi ya zamani iliyokuwa imepinduka karibu na Sake. Waliolibuni gari walilifanya litambae kama mjusi, tumbo kiganja kimoja kutoka ardhini, na kwa mawe ya Masisi hilo lisingefika hata kwenye kisima. Esdras akaliinua. Akalifungia springi za pikipiki, mbili kwa kila gurudumu, akatafuta magurudumu makubwa zaidi, akalivika tumbo lake ngao ya alumini iliyotoka kwenye bidoni kuukuu. Viti alivifunika ngozi ya ng'ombe. Rangi ilikuwa ya kijani, ile iliyobaki kwenye geti la Papa Kabera.

Uzuri wake wote ulikuwa katika wepesi. Gari zima lilikuwa na uzito wa fahali aliyenona tu, na ile injini iliyokuwa ikilia kwa uchungu ndani ya teksi sasa ilipanda milima kama mbuzi. Jumapili baada ya misa Esdras alimpakia Noëlla wakaenda mpaka mwisho wa mgongo wa mlima na kurudi, yeye akishikilia kitambaa cha kichwa, machozi ya upepo na ya kicheko yakimtiririka. Watoto walikimbia nyuma yao, na ng'ombe waliinua vichwa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa Mama Euphrasie, mama yake Noëlla, mjane mwenye ng'ombe wake kwenye kilima cha pili. Yeye na Esdras waliishi kwa heshima ya mkwe na mama mkwe kama walivyolelewa: walisalimiana macho yakiwa chini, hawakula wakitazamana, na neno lolote la maana lilipitia kwa Noëlla. Tangu ndoa ifungwe hawakuwahi kukaa kwenye benchi moja. Kuhusu gari, Mama Euphrasie alimwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha kufika karakana, kwamba mwanamume mwenye mke na watoto angepaswa kupanda kitu chenye milango.

Kisha habari ikaja kutoka Kibua. Dada mkubwa wa Mama Euphrasie, Mama Françoise, aliyeolewa huko Walikale na mkulima wa muhogo, angesherehekea jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Dada hao wawili hawakuwa wameonana tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Vita vilifunga barabara, vikafungua, vikafunga tena, na kila mara ilipofunguliwa kulikuwa na jambo jingine. Safari hii Mama Euphrasie aliapa kwamba atafika. Akatengeneza jibini kadhaa, akazifunga kwa majani na kamba ya katani, akatoa kitenge kipya sandukuni.

Mvua ikaharibu kila kitu. Malori yalizama kwenye matope, moja nyuma ya jingine, na madereva wakaanza kupika chakula kando ya barabara kama watu waliohamia. Pikipiki Mama Euphrasie hakutaka hata kuisikia, kwani iliwahi kumtupa mtaroni pamoja na kuku wake. Aliketi kwa Noëlla akiwa na jibini zake mapajani.

"Mama," Noëlla akasema, "kuko gari ya Esdras."

Mama Euphrasie akatazama nje. "Ile iko na viti ngapi?"

"Mbili."

"Na weye utakaa wapi?"

"Miye nabaki na batoto."

Esdras, aliyekuwa mlangoni, alisikia yote. Kumbeba mama mkwe ni heshima. Kumbeba bega kwa bega, njia nzima mpaka Walikale, ndani ya gari jembamba kama mtumbwi, ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kulifanya.

Waliondoka kulipopambazuka. Noëlla aliweka mfuko wa maharagwe katikati ya viti uwe mpaka. Mama Euphrasie alikaa ameelekea nje, kitenge kimefungwa mpaka kidevuni, na Esdras aliitazama barabara kana kwamba ingemtoroka. Walipita malori yaliyozama. Gari dogo lilipita pembeni, kwenye ukingo ambao lori lisingethubutu, na magurudumu yake hayakuacha hata alama ya kina. Madereva walisimama wakapiga makofi. Kwenye kizuizi kimoja wenye bunduki walishangaa sana hata wakasahau kuwaomba kitu.

Neno la kwanza alilotamka mama mkwe lilikuja baada ya kupita mji wa Masisi. "Kamata kulia," alisema. Esdras akakata kulia bila kufikiri, na kushoto kwao dimbwi likapita, tulivu, lenye kina cha kumeza gurudumu zima. Maisha yake yote Mama Euphrasie alikuwa amepitisha ng'ombe kwenye matope, na aliyasoma matope kama wengine wanavyosoma uso wa mtu. Baada ya hapo akaendelea kusema, kidogo kidogo: kulia, kushoto, hapo pakavu. Esdras alitii kila neno.

Walilala kwa Wakristo wenzao njiani, na kesho yake, barabara ilipoanza kuteremkia msitu, wakafika kwenye daraja la magogo ambalo mto ulikuwa umelipunguza likabaki magogo mawili. Watembea kwa miguu walivuka, gari hapana. Kundi la wapagazi lilikuwa limetua mizigo likipumzika. Mmoja wao akaliinua gari upande wa nyuma, kwa kujaribu tu, akashangaa likainuka. Wakakata miti miwili mirefu, wakaipitisha chini ya fremu, na vijana kumi na kitu wakaliweka gari mabegani kama kipoyi cha mgonjwa. Esdras alishindwa kutazama. Alisikia sauti ikiimba wimbo wa kanisani, wa polepole, wa kupimia hatua, na alipofungua macho alimwona Mama Euphrasie akivuka mbele ya wapagazi, kinyumenyume, mikono hewani, akiwaongoza kama kwaya.

"Polepole, batoto," aliwaambia. "Musiangushe gari yetu."

Wapagazi walipewa jibini moja, wakaimalizia pale pale.

Kilima kilichofuata kilikata kebo ya mafuta, waya unaounganisha kanyagio na injini. Esdras alikanyaga na injini haikujibu, ikabaki inanong'ona tu. Ilikuwa kebo aliyoitengeneza mwenyewe, na ilikatika karibu na kanyagio, mahali pasipofungika. Aliinama juu ya injini kwa muda mrefu. Njia ilikuwepo, lakini aliona haya kuisema. Mwishowe akageuka, macho yakiwa chini, akaeleza: angefunga kamba kwenye injini, aipitishe juu ya boneti mpaka upande wa abiria. Kamba ikivutwa, gari lingekimbia, na ikiachwa lingepunguza. Mikono yake yeye ingekuwa kwenye usukani na gia. Kwa hiyo ingebidi mtu mwingine avute.

Mama Euphrasie alifikiri. Kisha akafungua kamba ya katani kwenye jibini ya pili, akampa.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Kila Esdras aliposema "Mama, vuta," kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha, mama mkwe alivuta mno, na gari likaruka kama chura. Kila aliposema "Mama, acha," aliachia ghafla na vichwa vyao vikainama pamoja. Mfuko wa maharagwe ulipasuka na kumwagika miguuni. Lakini kwenye mteremko wa tatu mkono wa Mama Euphrasie ulianza kuelewa. Alisikiliza injini. Kabla Esdras hajabadili gia, yeye alikuwa ameshalegeza. Kabla hajaomba nguvu, ilikuwa imeshakuja. Mmoja alishika usukani na mwingine alishika moto, na heshima ya miaka yote ile haikuwa na mahali pa kukaa tena ndani ya gari lile.

"Mukwe," Mama Euphrasie alisema, wakiwa katikati ya kilima kikali, "hii kintu iko inanisikia."

"Iko inakusikia, Mama."

"Sikujua."

Waliingia Kibua mchana, wekundu kwa tope mpaka kwenye nyusi. Mama Françoise alikuwa uani akimenya makemba, zile ndizi za kupika. Alitazama gari, akamtazama mwanamke aliyeshuka kwa kuruka ukingo wake kama msichana, na kisu kikamtoka mkononi. Dada hao walishikana bila maneno, wakapapasana nyuso, kisha wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja na hawakunyamaza mpaka jioni.

Jubilei ilikuwa kubwa. Kulikuwa na fufu ya muhogo na sombe ya majani yake, samaki wa mtoni, na jibini ya Masisi ambayo watu wa Kibua waliikata nyembamba ili kila mtu aonje. Mzee, mumewe Mama Françoise, alivaa suti ya harusi yao, ambayo sasa ilimzidi. Lakini kilichozungumzwa na kila mtu kilikuwa gari, na ilipofika alasiri bibi harusi wa miaka hamsini akasema anataka naye kupanda.

Karibu na kijiji kulikuwa na uwanja wa zamani wa ndege za misheni. Ndege hazikutua tena, vijana walicheza mpira hapo, na nyasi zilikatwa fupi. Esdras alipolifikisha gari pale alisimama akaduwaa. Huko kwao hakuna mahali palipo tambarare namna ile. Katika maisha yake na lile gari hakuwahi kufika gia ya nne.

Kiti cha abiria kilikuwa kimoja na dada walikuwa wawili, na hakuna aliyekubali kubaki. Walijibana humo pamoja, wembamba wote, kitenge juu ya kitenge. Mama Euphrasie akajizungushia kamba kiganjani.

"Mama," Esdras akasema, "vuta."

Akavuta. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Upepo ukachukua kitambaa cha Mama Françoise na hakuna aliyegeuka kukitazama. Esdras akaingiza ya nne. Gari likanyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha likaenda, likaenda kweli, jepesi, magurudumu yakigusa nyasi kwa shida, na watu wa Kibua wakawa mstari mmoja wa rangi pembeni. Mwisho wa uwanja ukaanza kukaribia.

"Mama, acha."

Hakuachia.

"Mama, tafazali."

Akaachia dakika ya mwisho, akicheka kwa sauti ambayo Esdras hakuwahi kuisikia, na dada yake akicheka naye, wakiwa wameshikana mikono juu ya kamba. Waligeuza, wakarudia. Walirudia mpaka petroli iliyobaki ikawa ile ya kurudi nyumbani tu.

Kwa fundi mmoja wa pikipiki pale Kibua Esdras alipata kebo nzuri, akaifunga. Darajani wapagazi wengine waliwabebea gari tena, na njia iliyobaki ya kurudi ilikuwa ya kawaida, isipokuwa kwamba walizungumza. Mama mkwe alimwambia habari za marehemu mumewe, na namna ng'ombe anavyojulikana kuwa na homa. Naye Esdras alimweleza klachi ni nini. Noëlla alipowapokea na kuuliza safari ilikuwaje, wote wawili walianza kujibu kwa pamoja, akabaki akiwatazama kwa zamu.

Wiki ile ile, Esdras alikuwa amelala chini ya gari akikaza ngao ya tumbo, ambayo miti ya wapagazi ilikuwa imeilegeza. Akaona miguu ikiingia karakana. Ilikuwa ya Mama Euphrasie, ambaye hakuwa amewahi kufika pale. Aliweka maziwa ya kuganda juu ya meza ya kazi, katikati ya patasi na vyuma, akavuta bidoni tupu, akaikalia.

"Esdras," akasema, "nilisikia breki inalia, ya nyuma, upande wangu. Kwa nini?"

Esdras akatoka chini ya gari, akajipangusa mikono, akaanza kufungua gurudumu ili amwonyeshe.