Goti Kavu, Bibi, Goti Kavu!

Mashoga, chekeni leo mmalize, maana aibu hii nimeificha miezi na sasa inataka kunipasua.

Mnajua goti langu la kulia limelika. Daktari wa mazoezi, binti wa watu mpole, alinifundisha kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu taratibu, mara kumi, kisha akanibandika plasta ndefu za buluu za kulishika goti. Akanambia, "Khalti, ukibandika mwenyewe, ngozi iwe kavu. Mafuta hapana." Nikamjibu "Inshallah" (ile yetu, ya kumnyamazisha mtu).

Sasa mimi, mjane wa miaka hamsini na tatu, nimepata mposaji, na dada yake, Bi Thuwaiba, anakuja kunitazama kwangu Al-Khoudh, huku Uarabuni. Kwenye simu nilishajigamba, "Mzima mie, sina hata mafua!" Na yule bwana nilimtaka, sikufichini, nimechoka kula peke yangu. Basi goti lisinisaliti, nikalikanda mafuta ya karafuu (Mzanzibari gani analiacha goti kavu?), juu yake nikabandika plasta, halafu, kwa akili zangu nyingi, nikasimama juu ya chetezo kujifukiza udi, joto likapanda ndani ya gauni mpaka magotini.

Bi Thuwaiba alipofika nikamkalisha kwenye kiti, mwenyewe nikakaa chini kwenye zulia, kwa maringo, aone nilivyo kijana. Tukanywa kahawa, tukala haluwa, na huku nasikia kitu kinateremka mguuni, kinanitekenya, nami natabasamu tu. Nilipoinuka kumletea maji, plasta ilikuwa imeshatoka chini ya gauni, ncha moja bado mguuni kwangu, ya pili imenata kwenye pindo la shela lake lililofika zuliani. Kupiga hatua, shela likamtoka kichwani, goti likalia kwaa, mimi huyo chini!

Bi Thuwaiba akaibandua ile plasta, akainusa.

"Karafuu," akasema. "Goti?"

"Goti," nikakiri, natamani ardhi inimeze.

Akaninyanyua kwa kwapa, pole pole. "Bibi we, kaka yangu anayo mabovu yote mawili, anatafuta wa kumkanda. Nyinyi mkishakaa chini, nani atamwinua mwenziwe?"

Hakurudi tena. Nililia, wallahi, nikalia.

Siku hizi mazoezi nafanya kila asubuhi na plasta nabandika kwenye ngozi kavu. Na akitokea mposaji mwengine, sijifanyi kijana tena: goti langu nitalitaja kabla ya jina langu, kisha nami nitauliza, huyo bwana mwenyewe huinukaje?