Rashidi na Injini za Mgongoni

Leo kaka yangu Rashidi amejaribu kuruka angani, na mama akamkataza kuzima injini.

Aliona kwenye simu mtu anapaa na injini za jeti mgongoni.
Yeye akajifunga mashine mbili za kupulizia dawa mikorosho, midomo ikitazama chini.

Nusu ya kijiji chetu cha Kang'ata tulikuja kushuhudia.

Akawasha. Vumbi likapaa. Kuku wakapaa.
Rashidi akabaki palepale.

Alipotaka kuzima, mama akapiga kelele: "Usizime! Sogea huku kwenye mbaazi, hazijapepetwa!"

Makapi yote yakapeperuka. Mbaazi zikabaki safi kwenye turubai.

Bibi Zaina wa jirani akamuuliza kama kesho atapita na kwake.
Rashidi akasema, "Shikamoo bibi," akaingia ndani, akafunga mlango.

Wenye mbaazi, nitafuteni mimi.