Mume wangu kaituma picha ya pedi yangu kwenye grupu la darsa

Admin, jina langu lifunike kabisa, maana huku Guangzhou Watanzania tunajuana hadi ndala. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, kwetu Unguja, naishi Sanyuanli na mume wangu. Tunanunua nguo soko la Zhanxi, tunapakia kontena la Dar.

Tangu mwaka jana siku zangu zimevurugika. Damu inakuja inapotaka, inakata, inarudi. Daktari kasema ni umri, hedhi ndiyo inaaga. Sasa sisi Waislamu, ikiwa ni hedhi siswali na mume haniingilii. Ikiwa ni istihadha, yaani damu ya ugonjwa, najisafisha, naswali, na mume ruhusa. Mume wangu akachoka kusubiri, akasema atamuuliza ustadhi. Nikamwambia sawa, uliza.

Kumbe ustadhi kataka kujua rangi. Basi mwanaume mzima, ndevu zimemjaa, akafukua ndoo ya taka ya chooni, akaifungua pedi yangu, akaipiga picha. Tena hakumtumia ustadhi peke yake, aliitupa kwenye grupu la darsa la wanaume wa huku, ati apate maoni mengi. Niliiona kwenye simu yake. Chini yake wanabishana, huyu nyekundu, yule nyeusi. Sasa nikikutana nao kwa laoban mwenye duka, wananiamkia "shikamoo mama" huku wanatazama chini. Mshenzi mkubwa yule mume wangu, nikikumbuka mate ya kinyaa yananijaa mdomoni.

Nilipomuuliza hakuona hata aibu.

"Dini haina haya, mke wangu. Ustadhi kasema ni istihadha. Umehalalika."

Akacheka, akanisogelea. Nilikimbilia chooni nikatapika.

Wiki iliyopita damu ilikata. Sijamwambia. Akiniuliza namjibu hii ya sasa ni hedhi yenyewe, na kwa vile siku zangu hazieleweki, hana la kusema. Lakini akiniona nimetandika mswala atajua nimetoharika, kwa hiyo siswali. Alfajiri inaadhiniwa kwenye simu, mimi nimelala naisikiliza. Sijawahi kuacha swala kwa makusudi tangu nivunje ungo.

Talaka naiogopa, nyumbani wataniuliza sababu na sababu yenyewe haitamkiki. Nikiswali, anakuja na mikono yake ile. Nisiposwali, Mola nitamwambia nini? Wanawake wenzangu, nipeni njia, kinyaa hiki kinanitoa kwenye dini.