Bukari ya Mdai

Hakuwa mtu wa kelele. Afadhali angepiga kelele ningemjibu, maana mdomo ninao. Alifika asubuhi, akasalimu, akaomba kiti, akakaa katikati ya lupango letu pale Panda, kofia juu ya goti. Majirani walijua: yule papa, mzee wa kukusanya madeni, akikaa uani kwako, unadaiwa.

Alitumwa na mama mmoja wa sokoni aliyetukopesha dola za kumpasua mume wangu tumbo. Rehani ilikuwa cherehani yangu, na bila hiyo tungekula nini? Mume alikuwa hawezi kubeba hata ndoo, na kule kazini walikwishaweka mwingine. Ilibaki wiki moja shule zifunguliwe, na sketi za buluu za watoto wa watu zilijaa barazani. Nikizimaliza, nalipa. Nilihitaji siku nne tu.

Nilimweleza. Akasema, "Mama, minye niko mutumwa tu." Dawa ya deni ni kulipa, najua, lakini mdai asiyebisha anakukausha koo.

Siku ya kwanza alikaa hadi saa sita, akaenda zake. Ya pili vilevile. Siku ya tatu mume wangu akapata akili. Kwetu, mtu aliyekula bukari, ugali wa nyumbani kwako, hakunyang'anyi kitu siku hiyohiyo. Ni aibu, hata wezi wanajua. "Tumulishe," akaninong'oneza. Nilicheka kwa hasira. Wenzetu mgeni siku ya tatu wanampa jembe, sisi tumpe samaki. Lakini nilisonga unga wote uliobaki, nikakaanga samaki niliyemwekea mgonjwa.

"Papa, karibu, tukule," mume wangu akamwita.

Akikataa, basi amekuja kuchukua. Akanyoosha mikono nimmiminie maji. Akala vizuri, bila haraka, akamfyonza samaki hadi kichwa. Sisi tulimega kidogo tu ili ashibe yeye. Nilipomwona analamba vidole, nilijua tumeokoka. Nikarudi kwenye cherehani, nikaanza pindo la sketi.

Akanawa, akashukuru, akafanya ishara ya msalaba. Halafu akapiga mluzi upande wa barabara. Wanaume wawili wakaingia na mkokoteni.

"Mama, minye nimekula munyu yenu," akasema kwa upole. "Mukono yangu haiwezi kugusa kintu yenu leo. Lakini bale habayakula," akawaonyesha wenye mkokoteni.

Nilisimama mbele yao. "Baba zangu, karibuni, mukule kwanza." Mmoja akasita, akatazama sahani. Ilikuwa miiba mitupu. Mume wangu aliinua mikono, akaishusha. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye dakika ile, na kosa lake lilikuwa kuamini kwamba watu wote wanaona aibu.

Walipoishika cherehani, yule papa akawazuia kidogo, akanionyesha kwa kidole sketi iliyokuwa bado chini ya sindano. Ilikuwa mali ya mwenyewe, alisema, niitoe. Nikainua kile kiguu cha cherehani kinachobana kitambaa, nikaivuta sketi, nikakata uzi kwa meno. Kisha nikawapisha.