Daimler ya Harbans Singh

Harbans Singh, fundi wa gari la moshi Nakuru, alimaliza Jumapili za miaka minne akifufua Daimler kuukuu ya kifahari, ambayo mzungu mmoja wa Molo aliwaachia kuku watagie ndani. Siku ya kuiwasha mwaka wa 1956, akazungusha hendeli mbele ya Kipketer, mwenzake kazini. Hawakusikia kitu.

"Kalasinga, hiyo ni maiti!" Kipketer akacheka. "Heri kuku, wao walitoa mayai."

Masikio yao yalizoea vishindo vya gari la moshi. Harbans, machozi yakimlenga, akaweka kiganja kwenye boneti kuiaga. Akashtuka.

"Bwana, shika hapa."

Kipketer akashika, akavua kofia.

"Aii! Hii kitu iko hai, inacheua polepole kama ng'ombe," akanong'ona.

Hakuna aliyethubutu kuizima mpaka petroli ikaisha.