Kibuyu Alichonirudishia Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Nimemlea kwa migomba na kwa dengelua, pombe ya miwa ninayoipika vizuri kuliko mwanamke yeyote wa mlima huu. Sisemi kwa kujivuna. Haya, najivuna.

Aliomba kazi serikalini, kwenye ofisi za kutunza siri. Kazi ya namna hiyo hupewi kwa cheti tu. Wanatuma mtu kijijini kukupekua: una tabia gani, unakunywa? Akanipigia simu. "Bibi, wakija waambie unachokijua."

Mgeni aliposhuka kwenye bodaboda, wenzangu kijijini walishapatana la kusema. Mzee wa kanisa alisema kijana hajawahi kuonja. Mwanangu, yaani mjomba wake, alisema hata harufu inamtapisha. Walidhani wanamsaidia. Sisi mtoto wetu akiuliziwa na serikali tunamzungushia ukuta kwanza, kufikiri baadaye.

Kwangu mgeni alifika mwisho. Nikamketisha karibu na pipa. Akanusa.

"Bibi, hii ni nini?"

"Dengelua. Usingekuwa kazini ningekupa."

"Anapika nani?"

"Mimi. Unanikamata?"

Akacheka. "Sikukamati, bibi. Mjukuu wako anakunywa?"

Nikamwambia ukweli. Alikunywa kama mchanga wa Makanya unavyokunywa mvua. Alilala mtaroni mjini Same, akafukuzwa dukani alikokuwa anauza, akalazwa. Alipotoka hospitali alijipeleka mwenyewe kwenye matibabu ya walevi.

"Sasa ameacha?"

Ndipo nikamweleza habari ya kibuyu. Kwetu mahari ikizungumzwa, kibuyu cha dengelua kinazunguka. Mkubwa anaonja, anampa anayefuata. Kukirudisha bila kunywa ni kumtemea mate aliyekupa. Kwenye mahari ya binamu yake, mimi ndiye niliyempa. Alikipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akanirudishia kimejaa vilevile. Mbele ya wajomba! Mjomba wake akamwambia, "Nenda ukakae jikoni na wanawake." Hakwenda. Alikaa palepale mpaka tukamaliza.

"Ulikasirika, bibi?"

"Nilitamani kumpiga nacho kichwani. Lakini ameacha."

Mgeni akaniambia: "Kijana alituambia mwenyewe kwamba alikunywa na akatibiwa. Kunywa kwa zamani peke yake hakumnyimi mtu kazi. Tunamwogopa anayelewa mpaka leo, na anayeficha, maana mwenye cha kuficha ni rahisi kumtisha. Sasa kijiji kizima kinaniambia hajawahi kuonja. Nilishaanza kujiuliza mwongo ni nani."

Alipoondoka tu, mwanangu akaja juu. "Mama, umemuuza mtoto!"

"Nimemuuza? Ninyi ndio mlikuwa mnamzika."

Kijiji kizima wakanisusa. Hakuna aliyekuja kunywa wala kuomba moto. Dengelua ikachacha kwenye pipa, nikaimwagia migomba. Hata mjukuu alikuwa kimya, nikawa nalala na simu kifuani, nikijiuliza kama kweli nimemharibia.

Mvua zilipoisha simu ikaita.

"Bibi, nimepata kazi."

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Iko wapi?"

"Siwezi kusema, bibi."

"Unafanya nini huko?"

"Kazi."

Mimi niliyemfunulia mgeni mambo yake yote, mpaka ya mtaroni, leo sijui hata analala mji gani. Desemba hii watoto wa wenzangu wamepanda mlima na magunia ya mchele. Majirani wameanza tena kunisalimia, wananiuliza yuko wapi. Nawaambia yuko kazini, naingia ndani.

Jana nimepika dengelua kidogo, ya kwangu mwenyewe. Nikaonja kwanza, kama inavyotakiwa, kisha nikanyoosha kibuyu upande aliokuwa anakaa mjukuu wangu. Mkono ukachoka. Nikakiweka chini, kimejaa vilevile.