Labo ya Muzee Habarurema

Mpwa wangu Joviale ana maharage kila mahali. Nyumbani kwao Katoyi, ambako ukichimba kidogo tu unagonga jiwe la volkano, amejaza udongo kwenye makopo ya rangi, na maharage yanapanda kamba hadi dirishani kwa baba yake. Baba huyo ni kaka yangu Buhendwa, karani wa maisha yake yote; alitaka binti asome sheria. Joviale akachagua kilimo, akacheka kile kicheko chake cha kusikika nyumba ya tatu, na kaka yangu akanywea.

Mwaka wa mwisho aliandika kazi ya kumaliza masomo kuhusu maharage yanayopanda miti. Alikuwa haishi safari za Kiwanja, kwa wakulima. Alirudi na matope hadi magotini na jina moja mdomoni: Muzee Habarurema, mkulima aliyemtembeza mashambani na kumlisha kana kwamba hajala tangu abatizwe. Nilimwonea wivu huyo mzee kabla sijamwona.

Mwalimu aliyemwongoza alisoma kazi nzima, kisha akamwambia: "Huyu muzee amekufundisha, na humutaji. Mutu akikufundisha, unaweka jina lake chini ya ukurasa, sawa vile unaweka la kitabu." Joviale aliona haya, maana ilikuwa kweli. Siku hiyo hiyo akaingiza sentensi ya mzee, na chini yake tanbihi: Habarurema, mkulima, mahojiano, Kiwanja. Akachapisha, roho ikatulia.

Hapo ndipo alipoharibu, na mimi mwenyewe ilibidi nielezwe mara mbili. Wanafunzi wetu wakitaja kitabu kile kile tena, hawarudii jina lake. Wanaandika Ibidem, yaani maneno haya ni ya huyo huyo aliyetajwa hapo juu. Ukurasa wa Joviale ulianza na kitabu cha mtaalamu mmoja, kisha Ibidem, Ibidem, hadi chini. Sentensi ya mzee aliipenyeza mara tu baada ya kile kitabu. Ibidem zote zikapata mwenyewe mpya. Kila alichosema mtaalamu sasa kilikuwa kimesemwa na Muzee Habarurema, na hakuna aliyeona.

Siku ya kutetea kazi mbele ya juri, lile jopo la walimu wanaotahini, ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa na kitenge kipya, na mkobani kopo la poda, tayari kummwagia mtoto akishinda, kama desturi yetu. Muzee Habarurema naye alikuja, Joviale alimwalika. Alikaa mstari wa mbele na koti lake zito, karibu na kaka yangu.

Profesa Magloire, mmoja wa juri, alijulikana kwa kumrudisha mwanafunzi mwaka mzima akimkuta na maneno ya kutunga. Sikumpenda tangu mwanzo. Alifunua kurasa za mtoto wetu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayekagua samaki wa juzi.

"Mademoiselle," alisema, "hapa Muzee Habarurema anasema: 'Katika labo yetu tulipima mizizi kwa mikroskopu.' Chini kidogo anakosoa watafiti wa Ulaya. Hii maneno uliitoa wapi? Uliitunga?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Joviale hakucheka, na ndipo nilipoogopa kweli, maana sijawahi kumwona akikosa kucheka wenzake wakicheka. Kabla hajafungua mdomo, mzee alisimama, kofia mkononi.

"Profesa, ni miye nilisemaka. Yote."

"Muzee uko na labo?"

"Iko nyuma ya nyumba."

Maabara nyuma ya nyumba! Hata rais wa juri alijiziba mdomo. Mzee hakutikisika. Profesa Magloire akamgeukia Joviale taratibu. "Basi, mwenye maneno anakubali mbele yetu. Tuendelee?"

Joviale alihitaji kuitikia kwa kichwa tu. Mimi nilikuwa nimeshaitikia kwa niaba yake, kule nyuma nilikokaa.

"Apana, Profesa," Joviale alisema. "Muzee, asante sana, lakini ile haiko yako. Ni ya kitabu. Ni miye niliharibu."

Akatoa kitabu chenyewe mkobani, akafungua, akaonyesha sentensi moja baada ya nyingine, na jinsi alivyoyatia maneno hayo kinywani mwa mtu mwingine.

"Na ya muzee ni gani?"

Akaisoma: "'Ukivuna maharage, kata juu. Mizizi iache mu udongo, italisha mahindi yenye itafuata.'"

"Moja tu?"

"Moja tu. Lakini hiyo yeye ndiye alinipatia, nilikuwa sijaisoma fasi yoyote."

Mzee aliketi polepole. Nilimwonea huruma.

Juri ilitoka, ikarudi. Joviale amepita na distinction, alama za juu, na asahihishe kila Ibidem kabla kazi haijaingia maktaba! Profesa Magloire alimpa mkono, akasema: "Ungekubali ile zawadi ya muzee, ningekurudisha." Nikamsamehe palepale. Poda ilimwagika juu ya Joviale, juu ya kaka yangu, hadi kwenye masharubu yake, nami nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Nje, mzee alimvuta Joviale kando. "Niliona wanakusumbua, mutoto wangu. Ndiyo maana nilidanganya." Kisha akasema: "Nionyeshe fasi yangu."

Joviale akamwekea kidole kwenye mstari. Mzee akainama, pua ikakaribia karatasi.

"Na hii moja pia, haiko yangu. Mama alinifundishaka, nikiwa mudogo. Nyiramahirwe. Jina lake liliandikwa ku musalaba tu, na mvua ililimaliza."

Joviale alikuwa mweupe kwa poda hadi kope. Alijifuta mikono kwenye kitenge changu kipya, bila hata kuomba, akachukua kalamu ya baba yake na kuinamia ukurasa. Mzee alisogea karibu, akiufuata mkono wake kwa macho, herufi kwa herufi.

Kazi ile iko maktaba sasa, imesahihishwa. Chini ya ukurasa, baada ya jina la mzee, imeandikwa: naye alifundishwa na mama yake, Nyiramahirwe, mkulima, Kiwanja.